Kamba ya Kajri

Kijiji kizima cha Semarhawa kililijua swali la Somni Chaudhary, na watoto walishaligeuza wimbo wa kuchezea. Ukimletea mzoga wa ng'ombe, kabla hata hujamsalimu, atakuuliza: "Mmemdunga?" Ukileta wa nyati wa kufugwa, "Mmemdunga?" Wakati mmoja mlevi alikuwa amelala chali kwenye gari la ng'ombe, anarudishwa kwao kutoka kwenye sherehe, na vijana wakalisimamisha gari mbele ya banda la Somni wakipiga kelele, "Mama Tumbusi, toka! Huyu hajadungwa, waite ndege wako!" Somni akatoka, akamnusa yule mlevi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mrudisheni kwa mkewe. Tumbusi hawali kila uchafu."

Ndivyo alivyokuwa, mjane mfupi mwenye ulimi mrefu. Kazi yake ilikuwa kuwatunza ng'ombe wazee wa kijiji, maana kule ng'ombe ni mtakatifu, hachinjwi, hata akibaki ngozi na mifupa. Somni aliwalisha mpaka siku yao ilipofika, Mangre mchuna ngozi akaja na kisu chake, na nyama ikaachwa uwanjani ng'ambo ya banda, tumbusi washuke wale. Ng'ombe aliyefia nyumbani naye aliletwa hapo hapo. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mnyama asiwe amedungwa ile dawa ya maumivu. Dawa hiyo humpa ng'ombe nafuu, lakini tumbusi akila nyama yake figo humharibika, shingo ikalegea, akafa. Kuwapa mifugo kulishapigwa marufuku, ila vichupa vya kutibia binadamu vilikuwepo sokoni, na watu walivinunua kwa huruma, wakavichomeka kwenye nyasi za paa ambako mgeni hatazami. Mnyama aliyedungwa ilikuwa lazima azikwe.

Somni alikuwa na sababu ya kuwa king'ang'anizi. Alipoletwa Semarhawa akiwa bibi harusi, tumbusi walijaa kwenye misufi ya ukingo wa mto hata matawi yakainama. Mzoga ukitupwa asubuhi, mchana unakuta mifupa imekwanguliwa. Hakuna aliyewashukuru. Watu walisema ni ndege wa nuksi, na kina mama waliwafunika watoto wachanga kivuli cha ndege kikipita. Kisha, mwaka baada ya mwaka, wakapungua, mpaka misufi ikabaki mitupu.

Mizoga ikaanza kuoza. Harufu iliingia mpaka kwenye wali. Baadaye wakaja mbwa, wakanona kwa mizoga, wakazaana, wakatembea kwa makundi kama wenye kijiji. Mmoja wao alimng'ata Phirulal, mume wa Somni, akitoka mtoni na wavu wake. Lilikuwa jeraha dogo tu kwenye shavu la mguu. Wakalipaka manjano, wakalifunga kitambaa, wakalisahau. Phirulal, mtu aliyeishi majini tangu utoto, alikufa akipiga kelele kwa kuona maji kwenye kikombe.

Kwa hiyo walipokuja wahifadhi wa ndege kutoka mjini, wakaeleza habari ya dawa na tumbusi, wanaume walicheka wakauliza kama serikali imemaliza kazi zote mpaka inawalilia walamizoga. Somni hakucheka. Aliunganisha mambo kichwani mwake, sindano, ndege, mizoga, mbwa, Phirulal, akaona ni uzi mmoja. Siku ile ile akaiomba kazi ya lile banda la ng'ombe wazee. "Mnasema tumbusi ndio wanaoleta mauti," aliwaambia wanakijiji. "Mimi mauti yaliniingilia walipoondoka."

Tumbusi wakarudi polepole. Mwaka huu ninaousimulia palikuwa na viota kwenye misufi, vichache, na katika kila kiota kinda moja, kwa sababu tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Somni aliwajua wazazi kwa jinsi walivyokaa tawini. Na kitu kimoja kilimnyima usingizi: tumbusi hula pamoja. Mzoga mmoja wenye dawa ungewafagia wote kwa mlo mmoja, na makinda yangebaki yamefungua midomo mpaka yakauke.

Mwisho wa Magh, mwezi wa baridi, asubuhi ya ukungu, gari la ng'ombe lilikuja likiwa limembeba Kajri. Huyu alikuwa ng'ombe wa nyumbani kwa Somni mwenyewe. Ingawa Somni alilala bandani, jiko lake lilikuwa bado moja na la Basmati, mke wa kaka mkubwa wa Phirulal. Ndugu wale wawili hawakugawana ghala wala mungu wa nyumba hata mmoja alipokufa na mwingine alipokwenda Malaysia kutafuta riziki. Basmati alibaki akiendesha nyumba peke yake, na sasa alikuwa mbioni kumwoza bintiye, Sunkesri. Pombe ya mchele ilikwisha kuvundikwa.

Mangre aliliongoza gari. Basmati alitembea pembeni, mkono juu ya paja la Kajri.

"Pole, dada," Somni alisema. Kisha, kwa sababu mdomo wake ulishazoea, "Mmemdunga?"

Basmati alimtazama kwa macho mekundu. "Hata mimi, mdogo wangu? Hata mimi unaniuliza kama mtu wa kuja?"

Somni aliona aibu. Kajri ndiye aliyemnyonyesha Sunkesri maziwa mama yake alipokauka. Akainamisha kichwa, akasaidia kumshusha, na Mangre akaanza kunoa kisu. Juu ya misufi ukungu ulikuwa unafumuka, na tumbusi walikuwa wanakunjua mabawa kuyaanika jua.

Somni aligeuza kichwa cha Kajri ili macho yamwelekee mashariki, kama anavyofanyiwa ng'ombe aliyependwa. Hapo kidole chake kikagusa kitu kikavu shingoni. Akakwangua kwa ukucha. Manjano. Manjano yaliyosagwa na mafuta ya haradali, yamepakwa mahali padogo, na katikati yake kitobo cha sindano.

Ni sisi binadamu tu tunaoweza kufanya hivyo. Mtu anamdunga ng'ombe wake sindano, halafu anamwonea huruma kwa kale kajeraha, anampaka dawa. Mwizi gani mwingine anaweka alama kwa upendo?

"Dada," Somni alisema taratibu. "Hii nini?"

Somni akapekua manyoya zaidi, akaona jingine baya kuliko hilo. Shingo nzima ilikuwa na mchubuko wa kamba, umezunguka kama ushanga. Mangre naye aliuona, akaweka kisu chini na kujikalia mbali, maana hayo hayakuwa mambo ya kumwingiza mchuna ngozi.

"Alikuwa analia, Somni," Basmati alisema. "Tangu juzi analia. Ningefanyaje, nizibe masikio? Sikuweza kumdunga peke yangu bila kumfunga. Nikamkaza kamba kwenye kigingi, nikamdunga, akatulia. Nikasema nimwache apumzike, nikaenda kutwanga mchele wa harusi. Niliporudi…"

"Alikufa na kamba shingoni."

"Usiseme kwa sauti!"

Kule hilo ni jambo zito. Ng'ombe akifa amefungwa, ni mwenye nyumba aliyemfunga na kifo. Maji ya nyumba hiyo hayanywewi na mtu, harusi haifungwi, mpaka mmoja wa nyumba aivae kamba ile ile shingoni, azunguke mlango kwa mlango akiomba, bila kusema neno la binadamu, akilia kama ng'ombe tu.

"Mwache Mangre achune," Basmati alisema haraka. "Ngozi ikitoka, alama imetoka. Nani atajua? Ukimzika, Mzee Jokhan na ukuu wake wa kijiji atakuja kukagua, na akikagua ataona shingo. Somni, wakwe wakisikia wataghairi! Na wasipoghairi, Sunkesri ataitwa binti wa mwenye kamba mpaka azeeke. Ulimbeba mgongoni yule mtoto. Kwa ajili ya ndege? Ni ndege, mdogo wangu!"

Somni alimpenda Sunkesri kuliko kitu chochote kilichokuwa kimebaki duniani. Sitaki msomaji adhani hakusita. Alisita. Alikaa amechuchumaa na ile chembe ya manjano kwenye ukucha, akijiambia kwamba labda dawa ilikuwa kidogo, labda hawatakula ini, labda leo hawana njaa. Na wakati anajidanganya hivyo, tumbusi wa kwanza alitua nyuma yake kwa kishindo, akarukaruka kwa pupa, akachomoa jicho la Kajri, akameza.

Somni alipiga ukelele. Aliokota bonge la udongo akamtupia, likampiga kifuani. Ndege akarudi nyuma akimshangaa, kwa maana mwanamke huyu hakuwahi kumtupia kitu. Wengine walikuwa wanashuka kwa mabawa mapana, mmoja huku, watatu kule. Somni alivua shali akaizungusha, akarusha mabonge, akawakimbiza akipepesuka, machozi yanamtoka. "Nendeni! Leo mlale na njaa! Nendeni, makinda yenu yanawangoja!" Kisha akapanda juu ya mzoga akakaa, miguu huku na huku, akamgeukia Mangre.

"Kamwite Mzee Jokhan. Mwambie aje na majembe."

"Mama," Mangre alisema, akimtupia jicho Basmati, "nikishaita siwezi kurudisha neno."

"Ita."

Basmati hakulia tena. "Umeniua," alisema, akageuka akaenda zake nyumbani.

Jokhan, mkuu wa kijiji aliyechaguliwa siku ya Maghi, sikukuu ya kufungua mwezi ule, alikuja na nusu ya wanaume na zaidi ya nusu ya wanawake. Alikagua shingo, akaona alichoona, akasimama wima kwa raha ambayo hakuificha vizuri.

"Ama kweli mganga hajigangi! Mwaka mzima unatuhubiria, Somni, mpaka tukilala tunaota sindano. Kumbe sumu inatoka jikoni kwako."

Watu wakacheka. Mmoja akaimba, "Mmemdungaaa?"

"Imetoka jikoni kwangu," Somni alisema, bado amekaa juu ya Kajri. "Chimbeni. Mkimaliza mtanicheka vizuri zaidi, mtakuwa mmekaa."

Wakachimba. Kajri akazikwa na ngozi yake, na Jokhan akatoa hukumu ambayo kila mtu aliijua: harusi isimame mpaka kamba izunguke nyumba zote, na kamba itazunguka siku ya mkutano wa kijiji, ambayo hakuna aendaye shamba.

Usiku haukuwa umeingia Somni alipokwenda nyumbani. Basmati alikuwa amekaa sakafuni, kamba imelala mbele yake, na Sunkesri ameegemea ukuta, uso umevimba kwa kulia.

"Nitaivaa mimi," Somni alisema.

"Umenianika, sasa unataka kunifunika?"

"Jiko ni moja, dada. Dhambi ni ya nyumba. Wewe ni mama wa bibi harusi, mimi tayari ni Mama Tumbusi. Hawana jina baya zaidi la kunipa."

Basmati alimsukumia kamba kwa mguu.

Siku ilipofika Somni alioga, akavaa kamba ya Kajri shingoni, akaanza na nyumba za upande wa barabara. Kijiji kilimfuata kama kinavyofuata ngoma. Mlango wa kwanza akanyoosha mkono, akalia, "Mbuuu!" Watoto walianguka kwa kicheko. Mama mwenye nyumba akatoka na bakuli la mchele, kama ilivyo desturi, kwa sababu anayevaa kamba hanyimwi, na anayemnyima huigawana dhambi yake. Akataka kumimina.

Somni akaufumba mkono. Akatikisa kichwa. Kisha akakinyoosha kidole juu, kwenye nyasi za paa.

Wapo wanaosema alilipanga tangu alipoivaa kamba. Mimi nadhani lilimjia pale pale, kwa hasira, alipoona paa. Vyovyote iwavyo, mama yule alijifanya hamnazo. "Anataka nini huyu? Nyasi? Somni, unakula nyasi sasa?"

"Mbuuu," Somni alisema, na kidole hakikushuka.

Kicheko kikapungua. Watu wakaanza kuelewa mmoja mmoja, na kila aliyeelewa aliangalia chini. Jokhan akasogea mbele. "Mila haisemi hivyo. Anayevaa kamba huomba chakula."

Bi Lakhiya, ajuza mwenye michoro ya zamani iliyochanjwa miguuni, ambaye hakumwogopa mkuu wa kijiji wala baba yake kabla yake, akakohoa. "Mila inasema hanyimwi, Jokhan. Haikusema hanyimwi mchele tu. Au wewe ulikuwepo ilipotungwa?"

Yule mama akapanda juu ya kinu, akaingiza mkono kwenye nyasi, akatoa kichupa. "Ni cha mgongo wa mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemuuliza. Akakitia kwenye shali ya Somni.

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Wengine walitoa haraka kabla ya kuonyeshewa kidole, wapate kusifiwa. Mwingine aliapa kwa wanawe wote kwamba hana, na wanawe wote wakaonyesha alipoficha. Vichupa vikagongana kwenye shali. Kamba ilimchubua shingo, koo likakauka, na sauti yake ikawa ya ng'ombe kweli, mkwaruzo mzito unaotoka tumboni. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Somni hakuruka hata mlango mmoja, na hakukaa, hata alipoletewa kigoda.

Akafika kwenye mlango wa nyumba yao wenyewe. Nao haurukwi.

Uani palikuwa na gunia limetandikwa, na juu ya gunia tumbusi, mabawa yamefunguka, shingo imelegea kando. Ni yule aliyemeza jicho. Mangre alimwokota asubuhi chini ya msufi, akamleta, akamlaza hapo bila neno, akaondoka.

Basmati alisimama juu yake. Hakumtazama Somni, wala umati.

"Tangu juzi amekaa tawini kichwa kimening'inia," alisema. "Nilimwona. Nilipokwenda kuchota maji nilimwona, nikasema labda anasinzia." Akainama, akamkunja bawa moja. "Kajri alilia, nikamsikia. Huyu hakulia. Somni, yule kinda wake yuko juu na mzazi mmoja?"

Somni alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia ndiyo, na kwamba huenda mmoja akatosha na huenda asitoshe, na kwamba yeye anajua nyumba ya mzazi mmoja ilivyo. Lakini alikuwa na kamba shingoni. Akanyoosha mkono.

Basmati aliingia ndani. Alitoka na kichupa kilichobaki nusu na sindano yake, akavitia kwenye shali. Kisha, mbele ya watu wote, na mbele ya mjumbe wa wakwe aliyekuwa amekuja kupeleleza akajificha nyuma ya umati akidhani haonekani, alishika kamba kwenye shingo ya Somni kwa mikono miwili, akaivua, akaivaa yeye.

"Mama!" Sunkesri aliita kutoka mlangoni.

"Nyumba za upande wa mto bado," Basmati alisema. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho la binadamu kwa siku hiyo. Akachukua shali yenye vichupa, akaifunga kiunoni, akashika njia.

Nyumba ya kwanza upande wa mto ni ya Jokhan. Alikuwa ametangulia, akasimama mlangoni na bakuli la mchele mweupe, mchele mzuri, umejaa pomoni. Basmati alisimama mbele yake, kamba shingoni, mama wa bibi harusi, akanyoosha kidole kwenye paa. Alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kajri, ile ya siku za mwisho, watu wa nyumba za jirani waliitambua. Jokhan aliuchota mchele kwa mkono akamnyooshea. Kidole hakikushuka. Basmati akalia tena, kwa nguvu zaidi, na nyuma yake Bi Lakhiya akalia, na wanawake wa upande wa barabara wakalia, na Sunkesri aliyekuwa amekuja mbio bila viatu akalia nao.

Jokhan alitazama bakuli lake, akawatazama watu, halafu akamwita mkewe alete ngazi.